Pampasi Inamuunguza Mtoto? Namna ya Kumpatia Inayomfaa, Hatua kwa Hatua

Swali linalonifuata kuanzia benchi la kliniki hadi soko la Mwanga ni moja: "Dada, pampasi gani haiunguzi?" Nikimuuliza mwenye swali amefanya nini mpaka sasa, jibu nalo ni moja. Kabadilisha aina nne ndani ya wiki mbili, kapaka mafuta ya mgando, kapaka mise ya bibi (mafuta ya mbegu za michikichi), kamalizia na poda juu. Mtoto bado kachubuka.

Hapo hakuna kilichojaribiwa. Vitu vinne vikibadilishwa kwa mpigo, huwezi kujua kipi kimeponya na kipi kimeunguza. Mimi nimelea watatu hapa Kigoma, na wa mwisho ndiye aliyenifundisha kufuata mpangilio: kwanza isome ngozi, kisha itulize, ndipo uende dukani. Pampasi yenyewe utaikuta hatua ya nne. Wengine wakifika hapo hugundua haikuwa na kosa lolote.

## Vitu vya kuandaa

Kadi ya kliniki yenye uzito wa karibuni. Beseni safi, pamba au vitambaa laini vya pamba, na maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe hadi uvuguvugu. Krimu ya zinki oksaidi isiyo na manukato kutoka duka la dawa. Ikikosekana, mafuta ya mgando meupe yasiyonukia. Kanga mbili za zamani zilizolainika kwa kufuliwa. Daftari na kalamu.

Kwa jaribio la jikoni: chumvi, kijiko cha chai, bomba la sindano lisilo na sindano la mililita 10 au 20, tishu, chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, glasi mbili, na pampasi moja ya kila aina unayofikiria kununua.

Poda haimo, na sikuisahau.

## Hatua ya 1: Soma vipele vimekaa wapi

Mlaze mtoto karibu na mlango au dirisha, mchana. Taa ya usiku inadanganya. Kwenye ngozi nyeusi usitarajie wekundu wa kwenye picha za vifungashio. Mara nyingi utaona ngozi imekolea kuliko jirani yake, ina rangi kama ya zambarau, au inang'aa kama iliyovutwa. Ipitie kwa mgongo wa kidole: palipoungua pana joto na mkwaruzo.

Sasa angalia mahali.

Makalio, kinena cha mbele na sehemu za mapaja zinazogusana na pampasi, lakini ndani ya mikunjo pako salama. Huku ndiko kuungua kwa kawaida, kosa la unyevu na muda. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni ngao yake. Bakteria wa kwenye choo huigeuza urea ya mkojo kuwa amonia (ile harufu inayokupiga puani ukifungua pampasi ya alfajiri), ngao inaondoka, na vimeng'enya vya choo vinapata nguvu ya kuila ngozi. Mtoto wa namna hii anaweza kuunguzwa na pampasi ya bei yoyote ikikaa saa sita.

Ndani ya mikunjo, kingo zimejichora wazi, na vidoti vidogo vimetawanyika nje ya eneo kuu. Hao ni fangasi. Hupenda kuja baada ya mtoto kunywa antibayotiki, au baada ya kuungua kwa kawaida kudumu siku kadhaa. Chungulia mdomoni pia: utando mweupe usiotoka kwa kufuta unaongeza ushahidi. Fangasi haondoki kwa kubadilisha pampasi.

Mstari kiunoni, pete kwenye mapaja, au mabaka nyongani pale stika zinapobandikwa. Hapa ndipo pampasi inaposhtakiwa kwa haki. Ama inabana, ama ngozi inakataa kitu fulani kwenye lastiki, gundi au rangi ya picha.

Vipele vidogo kama ncha za pini kiunoni na mgongoni. Harara. Joto letu la kando ya ziwa, shati, shuka, kitenge juu, na mtoto kabebwa mgongoni saa tatu. Punguza nguo.

Duara lililoiva sana kuzunguka njia ya haja kubwa, na mtoto analia akijisaidia. Huenda ni maambukizi ya bakteria. Mwongozo wangu unaishia hapo kwako. Nenda kituo cha afya.

Andika ulichoona kwenye daftari pamoja na tarehe. Usitegemee kumbukumbu, mama anayeamka mara nne usiku hana kumbukumbu.

## Hatua ya 2: Itulize ngozi siku tatu kabla ya kujaribu chochote

Kujaribu pampasi mpya juu ya kidonda ni sawa na kuonja mboga ukiwa na mafua. Kila kitu kitaonekana kibaya.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na pamba, bila sabuni, isipokuwa choo kimeganda. Sabuni za mawese zinazopikwa nyumbani ziweke mbali na eneo hili. Zinafaa kwa vyombo na nguo za wakubwa, ila kipimo cha kostiki (kemikali kali ya kupikia sabuni) hutegemea mkono wa mpishi wake. Ukimaliza kuosha, kausha kwa kugusagusa. Usisugue.

Kisha mwache wazi. Dakika 10 hadi 15 juu ya kanga, mara nne au tano kwa siku. Atakojoa hapo, ndiyo, na kanga itafuliwa. Hakuna krimu inayoshinda hewa.

Kabla ya kumfunga, paka zinki kwa unene, ngozi isionekane chini yake. Wengi hupaka kama losheni, wakaisugua mpaka ipotee. Kazi yake ni kukaa katikati ya choo na ngozi, na ikipotea haiko kazini. Ukimbadilisha, futa tu sehemu iliyochafuka na uongeze nyingine juu. Ukiikwangua yote kila mara unakwangua na ngozi changa iliyoanza kuota.

Ukitumia mafuta ya mgando badala ya zinki, yawe kiasi. Yakizidi yanahamia kwenye tabaka la juu la pampasi na kuzuia mkojo kuingia ndani.

Kama hatua ya 1 ilikuonyesha fangasi, mwone mhudumu wa afya au mfamasia akupe krimu ya fangasi, mara nyingi klotrimazole au nistatini. Hiyo hutangulia, zinki hufuata juu.

Maonyo matatu:

Poda usitumie. Vumbi lake huingia kwenye mapafu ya mtoto, na ikilowa inageuka tope kwenye mikunjo.

Zile krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja, ambazo jirani atakuambia "zinakausha siku moja", usipake bila daktari kukuandikia. Steroidi kali chini ya pampasi iliyofungwa huzama mwilini zaidi na kuifanya ngozi iwe nyembamba.

Kuhusu mise, sina ugomvi nayo. Miguu yangu imeng'aa kwayo tangu utotoni. Lakini ndani ya siku hizi iweke kabatini, na mama mkwe umwambie kwa adabu: "Mama, tunapima kitu kimoja kwanza, mise itarudi." Wangu alinuna siku moja tu.

Umefaulu ukiona ngozi haing'ai tena, haina majimaji, na mtoto haruki maji yakimgusa. Kama siku tatu zimepita na hali ni ile ile, usiendelee na hatua ya 3. Nenda akaonwe.

## Hatua ya 3: Saizi kwa kilo

Saizi hufuata uzito. Umri hausemi kitu, maana watoto wawili wa miezi sita hapa Gungu wanaweza kutofautiana kilo mbili. Soma kilo ulizoandikiwa kliniki, kisha soma kilo zilizochapwa kwenye pakiti. Namba 3 ya kampuni moja huweza kuwa namba 4 ya nyingine.

Mtoto akiwa mpakani, chukua kubwa. Inayobana huacha alama ya lastiki isiyofutika dakika chache baada ya kuivua, na choo hupandia mgongoni.

## Hatua ya 4: Dukani

Nunua aina mbili au tatu, pakiti ndogo kabisa. Ukiwa dukani angalia yafuatayo.

Manukato. Kwenye pakiti za Kiingereza tafuta maneno "fragrance free", na kwa zile zinazotufikia kupitia Burundi na Kongo, "sans parfum". Neno linalomaanisha "kwa ngozi nyeti" halitoshi. Kila kampuni hujiandikia kwa kipimo chake. Ukifika nyumbani, pua yako ndiyo hakimu. Ikinukia maua, rudisha nyuma kwenye orodha.

Tabaka la ndani liwe jeupe tupu, bila picha wala losheni ya rangi. Katuni zikiwepo ziwe nje. Kwa mtoto aliyeonyesha mabaka nyongani, tafuta yenye rangi chache hata huko nje.

Gusa ganda la nje. Likiwa kama kitambaa huenda linapitisha hewa. Likilia kama mfuko wa nailoni, liache.

Mstari wa njano unaogeuka bluu au kijani mkojo ukifika ni msaada kwa mzazi mgeni, ila haulindi ngozi. Usilipie zaidi kwa ajili yake.

Bei nayo igawanye kwa idadi ya vipande. Tuseme pakiti ya shilingi 18,000 ina vipande 40: ni shilingi 450 kila kimoja. Ya shilingi 10,000 yenye vipande 20 inaonekana nafuu, kumbe ni shilingi 500.

Na zile zinazouzwa moja moja zikiwa zimeshatolewa kwenye pakiti? Nilizinunua kwa mtoto wa kwanza. Muuzaji aliniapia kwamba ni zile zile, "pakiti tu ndiyo imechanika, mama". Nilipozifungua nyumbani zilinukia sabuni ya unga na kwa mbali dagaa, maana ndivyo vilivyokuwa majirani zake kwenye kibanda. Pampasi imetengenezwa ili inyonye. Haichagui inanyonya nini. Kwa mtoto wa ngozi ngumu, sawa. Kwa huyu wetu, pakiti iliyofungwa tu.

## Hatua ya 5: Jaribio la jikoni

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa, na watu wengi huruka.

Chukua nusu lita ya maji ya uvuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa juu. Ya Uvinza, ya dukani, yote sawa. Chumvi ni ya lazima. Ndani ya pampasi mna chembechembe zinazogeuka kuwa jeli zikilowa, na chembechembe hizo hunywa maji matupu mengi kuliko zinavyokunywa maji yenye chumvi. Mkojo una chumvi. Ukijaribu kwa maji ya bomba peke yake, kila pampasi itaonekana bingwa.

Tandaza pampasi mezani. Kwa bomba la sindano mimina mililita 60 taratibu katikati. Subiri dakika 5. Kunja tishu mara nne, iweke juu ya sehemu iliyolowa, simamisha ile chupa ya nusu lita juu ya tishu, hesabu hadi 15, kisha inua.

Tishu ikiwa kavu au na unyevu wa kuhisi tu, endelea. Mimina 60 nyingine, subiri, bonyeza kwa tishu mpya. Rudia mara ya tatu.

Mara ya kwanza zote hufaulu. Nilipofanya na aina tatu, nilidhani nimepoteza asubuhi. Mara ya tatu ndiyo iliyozitenganisha: moja tishu ilitoka na duara dogo la unyevu, nyingine ililowa hadi ukunjo wa mwisho, maji yakanifuata kwenye vidole. Hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa nimeisifia kwa wifi yangu kwa sababu ilikuwa laini kuliko zote.

Ukimaliza, inyanyue wima kwa upande wa kiuno na uitikise kidogo. Jeli ikiporomoka yote chini kama uji, ndivyo itakavyoning'inia katikati ya mapaja ya mtoto na kuyasugua. Chembechembe zikipenya na kuonekana juu ya tabaka la ndani, iondoe kabisa kwenye orodha. Jeli isiachwe watoto wakubwa waichezee au waiweke mdomoni, na usiimwage kwenye bomba la maji machafu; itavimba humo.

Bado hewa. Chukua pampasi kavu, weka ganda lake la nje juu ya glasi yenye maji moto, na juu yake upande wa ndani funika glasi kavu. Baada ya dakika chache, ukungu ukijitokeza kwenye glasi ya juu, mvuke unapita, na joto la mtoto nalo litapita. Kwa mji wa joto na unyevu kama wetu, mimi ningechukua inayopitisha mvuke kuliko inayobana maji hadi tone la mwisho.

## Hatua ya 6: Aina moja, siku tano

Aliyeshinda jikoni ajaribiwe kwenye ngozi. Siku ya kwanza mfunge moja tu, mchana, na uifungue baada ya saa mbili. Angalia kiuno, mapaja na nyonga. Pakiwa shwari, siku nne zinazofuata tumia aina hiyo peke yake, mchana na usiku.

Kwa siku hizo tano hakuna kubadilisha sabuni ya kufulia, waipsi, krimu wala mafuta ya kuogea. Kama mtoto anaanza vyakula, asipewe kipya: choo hubadilika chakula kikibadilika, na maji ya machungwa au embe huweza kukifanya kiunguze ngozi zaidi. Akianza kuharisha au kupewa antibayotiki, simamisha jaribio. Ngozi itaungua kwa pampasi yoyote, nawe utaisingizia ya watu.

Kila jioni andika mstari mmoja: mabadilisho mangapi, choo mara ngapi, ngozi ikoje.

Mabaka mapya kwenye lastiki au stika ndani ya siku hizo yanamaanisha aina hiyo imeanguka. Rudi hatua ya 2, kisha aliyeshika nafasi ya pili aingie. Makalio yakikolea rangi huku kiuno na mapaja viko safi, usiilaumu pampasi bado. Hesabu saa kwenye daftari lako.

## Hatua ya 7: Kufunga na kubadilisha

Kila saa mbili hadi tatu mchana, na papo hapo akipata choo. Mtoto mchanga anaweza kufika pampasi 10 kwa siku. Najua hesabu hiyo inauma. Lakini pampasi nafuu inayobadilishwa kwa wakati humlinda mtoto kuliko ya gharama inayokaa mpaka ijae.

Wa kike mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Waipsi ziwe za safari tu, zisizo na manukato wala spiriti. Nyumbani ni maji.

Ukifunga, vidole vyako viwili vipite kiunoni. Pitisha kidole kuzunguka mapaja ili vile vikunjo vya lastiki vitokeze nje. Vikibaki vimekunjamana ndani vinakata ngozi, na baadaye utadhani ni mzio. Kwa mwenye kitovu kibichi, kunja ukingo wa mbele chini ya kitovu.

Iliyotumika, choo kikung'utie chooni, pampasi uikunje na kuitupa penye taka. Ndani ya shimo la choo inavimba na kulijaza.

## Hatua ya 8: Nepi za kitambaa mchana

Ukishapata pampasi inayomfaa, iweke kwa usiku na safari, na mchana ukiwa nyumbani mfunge nepi ya pamba. Bajeti inapumua na ngozi inapumua, mradi usimvalishe chupi ya nailoni juu. Hiyo huipika ngozi kama jiko.

Tatizo la nepi huwa kwenye beseni. Maji yetu yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa lina magnesiamu ya kutosha kuifanya sabuni ya kipande iache utando mweupe. Utando huo ukibaki kwenye kitambaa, mtoto akikojoa unaamka. Kwa hiyo suuza mara tatu au nne, mpaka maji ya mwisho yasiwe na povu wala utelezi. Usiweke vilainisho vya kunukia. Nepi ikikakamaa kama ngozi ya ngoma, haijasuuzwa.

Usizifulie ufukweni. Mwambao una kichocho, na choo cha mtoto majini ni kipindupindu cha jirani. Waliokuwepo Kagunga, kijiji cha mwambao wetu, kipindupindu kilipozuka mwaka 2015 hawahitaji kuelezwa.

Anika juani, kwenye kamba, kamwe si juu ya mchanga au majani. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Ndiyo maana bibi zetu walipiga pasi hata nepi. Pasi moto pande zote, hasa kwenye mishono na pindo. Kati ya Novemba na Aprili, mvua ikigoma kuacha, pasi si hiari.

## Usisubiri, nenda kituo cha afya

Vipele vyenye usaha au malengelenge, vidonda vinavyotoa damu, homa, mtoto anayekataa kunyonya, upele uliopanda hadi tumboni na kifuani, au mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye lolote kati ya hayo. Nenda na daftari lako. Mganga akiuliza "imeanza lini na umepaka nini", utakuwa na jibu.

## Kabla ya kununua boksi zima

Usinunue. Nunua pakiti za wiki mbili, maana mtoto anapanda kilo, na viwanda navyo hubadilisha lastiki au gundi bila kubadilisha jina la pakiti. Ukiona kifungashio kina sura mpya, rudia siku ya kwanza ya hatua ya 6 kwa pampasi moja.

Wifi yangu alifurahi mno kupata inayomfaa mwanawe, akabeba boksi kutoka duka la jumla. Mwezi uliofuata mtoto alivuka kilo za ile saizi. Pakiti nne zilibaki chini ya kitanda hadi mtoto wa jirani alipozaliwa na kukua akazifikia.